Kifaru Achagua Fungu Kubwa

Paukwa?
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Chungu kimeinjikwa, na moto unawaka!
Basi anayetaka kusikia asogee, na anayetaka kulala asikorome.

Alikuwapo Kindi. Siku hiyo mkwe wake, mama wa mumewe, alikuwa anakuja kula mchana. Kunde zimeiva, ugali upo, lakini chumvi hakuna hata punje. Na mkwe yule alikuwa na ulimi! Angekula kunde chapwa leo, kesho nchi nzima ingejua. Kindi aliogopa kweli.

Akabeba vyungu vyake, huyoo, mpaka bondeni kwenye udongo wa chumvi. Kifaru akamzuia.

"We Kindi, bonde hili langu. Ukichota, tunagawana."

"Sawa, Mkubwa. Mimi nifanye kazi, wewe uchague fungu."

Kifaru akafurahi, akalala chini akimtazama mwenzake anavyohangaika.

Kindi akachukua chungu chenye matundu chini, akatandika nyasi ndani, akajaza udongo. Akakipachika juu ya chungu kizima, akamimina maji. To, to, to. Maji yakapita, udongo ukabaki.

"Mkubwa, chagua. Kilichobaki juu, au kilichopita chini?"

"Kipi kingi?"

"Kilichobaki juu."

"Basi hicho changu."

Kifaru akabugia tope, nyam, nyam, nyam. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mbona halina ladha?"

"Chumvi imeyeyuka, Mkubwa, imekwenda na maji."

"Ala! Umenipunja. Lete na hayo maji tugawane."

Kindi akatazama juu. Jua lilikuwa limepanda, na mkwe yuko njiani. Hata hivyo akawasha moto, akainjika chungu, akachochea. Tokota, tokota, tokota.

"Mkubwa, chagua. Kitakachopanda juu, au kitakachobaki chini?"

Kifaru safari hii akafikiri. Akafikiri mpaka masikio yakamchezacheza.

"Kipi kingi?"

"Kitakachopanda. Kitakachobaki hakijazi hata kiganja changu."

"Basi hicho changu."

Fuuu! Mvuke ukapanda. Kifaru akaukimbiza, kinywa wazi, huku na huku, pu, pu, pu, vumbi likatimka bonde zima. Aliambulia pua iliyolowa. Aliporudi akihema, maji yalikuwa yamekauka, na chini mle chunguni imebaki chumvi nyeupe, safi.

"Umenipunja tena!"

"Mimi, Mkubwa? Mara zote mbili nimekupa kingi. Kama unataka kidogo, sema tu 'nipe kidogo', nitakupa."

Kifaru akaitazama ile chumvi. Mate yakamtoka. Akafungua kinywa, akakifunga.

"Mimi, Kifaru, niombe kidogo? Unanidharau."

Akageuka, akaenda zake.

Kindi akafika nyumbani mbio, akatia chumvi, akakoroga. Mkwe akaonja. Akaongeza ugali, akala mpaka akalamba vidole, na jioni akasema anahamia hapohapo. Kindi akacheka, maana balaa hilo alikuwa amelitaka mwenyewe kwa kupika vizuri.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mimi sina la kuongeza ila funzo: watoto, mkubwa apewe fungu kubwa siku zote. Huo ndio uungwana, na wala hauna hasara.