Chungu cha Maboga Siku ya Shukrani

Jua liliwaka katika nchi ya wanyama mpaka wakasahau wingu lina rangi gani. Mto ulibaki mchanga mtupu. Ndipo wote, wenye meno na wenye kwato, wakaweka nadhiri: mvua ikinyesha, watatenga siku moja ya kumshukuru Mungu, na siku hiyo hakuna atakayemla mwenzake.

Mvua ikanyesha. Nyasi zikaota, vyura wakarudia kelele zao, na nadhiri ikasahaulika upesi, kama tunavyosahau sisi wote tukishapata. Aliyeikumbusha ni Bi Nyumbu. Ndama wake alikuwa amedhoofika kwa ukame hata hawezi kusimama, lakini alikuwa hai, na mama mtu alitaka kushukuru.

Simba akaitisha mkutano. "Mimi nitakuwa mgeni rasmi," alisema kabla hajaulizwa. "Mungu atashukuriwa baada ya hotuba yangu."

Ikaamuliwa kila mmoja alete boga la kwanza la shamba lake, yapikwe katika chungu kimoja, na wa kwanza kula wawe waliodhoofika, akianza ndama wa Bi Nyumbu. Hapo Fisi akasimama haraka.

"Ndugu zangu, kamati ya maandalizi inahitaji mwenyekiti asiyependa kula. Mimi hapa."

Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu. Fisi naye akacheka, tena kuwashinda. "Chekeni tu. Tumbo hili nalijua kuliko ninyi. Limeniaibisha kila nilikopita. Ndiyo maana nataka nilifundishe adabu mbele ya Mungu."

Nani angemkatalia anayejicheka hivyo? Wakampa uenyekiti. Hata mimi ningempa. Sisi wenye matumbo tunahurumiana.

Siku ikafika. Maboga yakaiva, harufu ikatanda mbuga nzima. Sungura, aliyekuwa mshereheshaji, alizingatia itifaki mpaka midomo ikamkauka. Simba akahutubia, akamshukuru Simba. Kisha mwenyekiti akaeleza utaratibu wa sala.

"Kila mmoja atashukuru kwa zamu," alisema Fisi. "Wengine wafumbe macho na kuinamisha vichwa. Asiyefumba, shukrani yake haipokelewi. Mimi nitasimama karibu na chungu kufukuza nzi."

Macho yakafumbwa. Kifaru alishukuru kwa maneno machache, akakaa. Twiga alishukuru mpaka waliokuwa wima wakaanza kuegemeana. Kila sala ilipokwisha, wote waliitikia "Amina," na kila mara amina ya Fisi ilitoka nzito zaidi, kama ya mtu aliyejaza mashavu.

Ikaja zamu ya Bi Nyumbu. "Mungu wangu," alisema, "mwanangu anapumua. Sina lingine."

Hiyo ndiyo sala iliyokuwa fupi kuliko zote, lakini ilimtosha Fisi kumaliza kilichobaki chunguni.

"Sasa mwenyekiti atufungie kwa shukrani," akaita Sungura.

Fisi hakuwahi kushiba tangu azaliwe. Siku hiyo alisimama akiwa ameshiba, akajisikia ajabu, na machozi yakamtoka. Alikusudia kusema mawili matatu ya kawaida, kisha akae. Lakini shukrani ya kweli ilimpanda kooni, akashindwa kuizuia.

"Ee Mungu," alilia, "nakushukuru kwa maboga haya laini! Kwa chumvi iliyokolea! Kwa lile la njano lililoyeyuka lenyewe mdomoni! Na zaidi ya yote, nakushukuru kwa sega la asali lililofichwa chini kabisa!"

Sungura akaruka. "Wewe! Nani kakwambia nimeficha asali?"

Kisha akatamani kuumeza ulimi wake. Asali ile aliizika chunguni mwenyewe, akipanga kubaki nyuma aikwangue, wenzake wakishatawanyika.

"Mwizi!" akanguruma Simba, akimnyoshea Fisi ukucha. "Nimemwona akitumbukiza kichwa chote!"

"Hata mimi nimemwona!" akasema Kifaru.

"Na mimi, tangu alipoanza!" akasema Twiga.

Bi Nyumbu akafumbua macho polepole. "Jamani, mmemwonaje? Mimi nilifumba."

Simba akajikuta ana kazi ya kulamba ukucha. Twiga, ambaye hana pa kujificha, akatazama mawinguni. Wote isipokuwa yeye walikuwa wamechungulia, na wote walinyamaza kwa kuogopa kuonekana hawakufumba.

Bi Nyumbu akachungulia ndani ya chungu. "Na mwanangu atakula nini?" akauliza.

Aibu iliyowashika wakati huo ilikuwa kubwa, na ilistahili. Fisi akavuliwa uenyekiti, akafungwa mdomo kwa kamba ya magome, akatumwa nyumba kwa nyumba kubeba maboga makubwa. Maana kila mmoja, akiwemo mgeni rasmi, alikuwa ameleta boga dogo na kubakiza kubwa nyumbani. Yakapikwa upya. Ndama akala wa kwanza, mbele ya macho ya wote, akashiba, akalala ubavuni kwa mama yake.

Fisi ndiye aliyekoroga chungu mpaka jua likazama, mdomo ukiwa umefungwa. Na kwa kuwa ni Fisi, njaa ilikuwa imeshamrudia.

Simba akatangaza kwamba siku ya shukrani itaadhimishwa kila mwaka, ila kuanzia mwakani waliodhoofika watakula kwanza, kisha ndipo watu wafumbe macho. Alisema anawajua raia wake, na mfalme wao anamjua pia.

Mwenye kutaka funzo, ni hili: aliyeshiba chakula cha mwenye njaa, hata akishukuru, shukrani yake itamshtaki. Na siku ukinikuta mimi kwenye sala ya shukrani, nimeinamisha kichwa na kufumba macho, nipungie mkono tu, nitakupungia.