Matairi Yenye Meno Marefu

Hapo zamani, si zamani sana maana magari yalikuwapo, kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na gari moja la kupeleka wagonjwa hospitali. Masika barabara yao ilikuwa tope tupu, kwa hiyo walilinunulia gari matairi ya matope, yenye meno marefu ya kung'ata udongo. Wakayapenda matairi yale kuliko gari lenyewe.

Mama Skolastika, mtunza stoo, akapewa kuyalinda. Kiangazi kikiingia, anayaosha, anayafungia stoo. Masika yakiingia, anayatoa. Ukapita mwaka, ukapita mwingine, ikapita mingi. Kila yakitoka, watu waliyainamia wakaambiana, "Meno bado marefu." Mpira huzeeka hata ukilala, lakini nani alijua?

Alijua Otmari, dereva. Aliziona nyufa ubavuni. Alibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuzama, mpira umekuwa mgumu. Gari likawa linateleza mahali ambapo zamani halikuteleza. Akanyamaza, akiogopa kuambiwa kuwa ni yeye aliyechoka.

Basi masika moja Filomena, mke wa Kasiani, alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Wakampakia. Kasiani akakaa nyuma, kichwa cha mkewe mapajani, hofu imemjaa. Chini ya mlima wa udongo wa mfinyanzi Otmari akasimamisha gari.

"Kaka, nipunguze upepo kwanza. Tairi likilala kidogo litashika."

"Halafu tukifika kwenye mawe uanze kujaza kwa pampu ya mguu? Mke wangu anakufa, Otmari. Endesha."

"Mwache apunguze, mume wangu," alisema Filomena kwa sauti ndogo.

"Endesha," alisema Kasiani.

Gari likapanda nusu, likateleza, likarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Watu walipopatikana wa kulivuta, Filomena alikuwa amekwisha kufa, na mtoto naye.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi. Siku ya kuanua matanga, kama kifo kina mkono wa mtu, mwenye mkono husimama mbele ya mama wa marehemu akaomba radhi. Asiposimama, chungu hakifunuliwi, watu hurudi na njaa, na msiba hauishi.

Mama yake Filomena alikaa kando ya chungu.

Mama Skolastika akasimama. "Ni mimi, dada yangu. Niliyatunza matairi mpaka yakafa."

Otmari akasimama. "Kaa, mama. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Na pale mlimani," mama wa marehemu aliuliza, "hapakuwa na la kufanya?"

Otmari alimtazama Kasiani, kisha akatazama chini. "Lilikuwapo. Sikulifanya."

Kasiani alikuwa bado amekaa. Alitaka kusimama, lakini hakusimama. Aliisikia sauti ya mkewe, mwache apunguze, na alijua waliobaki kuikumbuka ni wawili tu. Aliona aibu. Mama mkwe akaushika mfuniko, akangoja.

Nami nawaachia chungu hapohapo, chakula kinapoa. Waliosimama ni wawili, aliyekaa ni mmoja. Je, mkono ulikuwa wa nani: wa aliyetunza, wa aliyenyamaza, au wa aliyesema endesha?