Kwa Nini Moto wa Kilima Huwashwa na Mfiwa

Kaeni kwanza. Umande haujakauka, na penye umande moto hauwaki. Basi nitawaeleza kwa nini kiberiti cha leo hakiko mkononi mwa kijana mwenye nguvu.

Kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, Mungu akiwa amekwisha kutupa kilima hiki cha Nyalwiko na chemchemi iliyo chini yake, moto wa kilima ulikuwa wa yeyote. Mwindaji aliuwasha apate ndezi, mchungaji aliuwasha apate majani mapya. Nia zao hazikuwa mbaya, maana kilima kisichochomwa huota vichaka na kujaa kupe. Kosa lao ni kwamba walipenda moto mkubwa. Aliyewasha moto ulioonekana ng'ambo ya bonde ndiye aliyepewa kibuyu cha kwanza cha pombe. Kwa hiyo kila mtu alisubiri nyasi zikauke kabisa ndipo awashe.

Bingwa wao alikuwa Mgimba. Mgimba hakuwa na nyusi. Ziliungua kila mwaka, naye alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Moto ule ulikuwa mzuri kutazama, lakini haukujua kusimama. Ulishuka mpaka kwenye msitu mdogo wa chemchemi, ukala mikuyu. Kila mwaka msitu ulipungua, na maji yakapungua nao. Vinyungu, bustani zetu za bondeni zinazotulisha kiangazi, vikapasuka kama visigino. Watu wakailaumu mvua.

Masika moja akafa mtu mpole aitwaye Kihwele. Walimzika ukingoni mwa msitu wa chemchemi, na mkewe, Sekindole, akapanda mche wa mkuyu kichwani pa kaburi, kama ilivyokuwa desturi. Hawakujaliwa mtoto. Mche ule, wenye majani machache tu, ndio uliobaki wa nyumba yao, na Sekindole alijua kwamba kiangazi moto wa Mgimba ungeula.

Siku hizo mfiwa hakulima wala hakwenda mnadani mpaka mwaka uishe. Basi muda alikuwa nao. Mvua zilipokoma, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, alichukua kaa la moto ndani ya chungu, akaomba, kisha akachoma kipande kidogo kando ya kaburi. Moto haukuruka. Ulitambaa, ukatoa moshi mwingi, ukajifia wenyewe. Kesho yake akachoma kipande kingine, akiuongoza moto kwa tawi bichi, akiuelekeza upepo unakotoka ili usikimbie. Hivyo hivyo, polepole, akauzunguka msitu wote.

Mgimba alimwona kutoka njiani.

"Shemeji, unachoma mlima au unachemsha maharage?"

"Maharage utayachemshia maji gani, shemeji?"

"Moto gani huu? Hata konokono ameupita!"

"Mwache apite. Ana watoto."

Walioandamana na Mgimba walicheka, naye Sekindole akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kiangazi kilipokomaa, Mgimba akawasha wake. Ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kuwasha, ukashuka ukinguruma. Sekindole alisimama kaburini na tawi lake. Watu wakapiga kelele, "Toka, mama! Toka!" Hakutoka. Moto ulifika kwenye ule ukanda aliouchoma, ambapo sasa palikuwa na majani mafupi ya kijani, ukakuta chakula kimekwisha kuliwa. Ukayumba, ukafuka, ukazimika. Jani moja la mche lilijikunja, basi.

Masika yaliyofuata msitu ulichipua, na kiangazi chake maji yakafika tena vinyunguni. Mgimba akaja kuchota, kichwa chini.

"Chota, shemeji," Sekindole akamwambia. "Na nyusi uziache ziote."

Wazee walipokaa kuamua nani awe anawasha moto wa kilima, wengi walimtaja Mgimba, kwa kuwa ndiye aliyeuzoea. Mgimba mwenyewe akasimama.

"Mimi msinipe. Nikishika moto nataka nionekane. Mwindaji ana njaa, mchungaji ana ng'ombe wanaolia. Sote tuna haraka. Mpeni mfiwa. Yeye hana anakokimbilia."

Na tangu siku hiyo, hapa Nyalwiko, moto wa kilima huwashwa nyasi zikiwa nusu mbichi, na anayewasha ni yule aliyefiwa karibuni. Wengine humfuata na matawi, wala hakuna anayemtangulia. Mwaka usio na msiba huwasha mfiwa wa mwaka uliopita, nasi humshukuru Mungu kwa upungufu huo.

Mwaka huu mnajua zamu ni ya nani. Mume wangu alikuwa akinifuata na tawi hapa hapa, akinigombeza nisiunguze kanga yangu. Mungu amempumzisha, na kanga leo nitaiangalia mwenyewe.

Ule mkuyu pale chini, ambao hata watu wawili wakishikana mikono hawaumalizi, ndio mche wa Kihwele. Umande umekauka. Vunjeni matawi mabichi, wanangu, mnifuate. Polepole.