Maswali Kumi na Saba ya Katibu wa Kwaya

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, pale katibu wa kwaya moja alipotuma maswali kumi na saba kwa wenye magari watatu wa nchi jirani. Saa hiyo naitaja kwa sababu yeye mwenyewe aliiandika juu ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu. Alikuwa binti wa namna hiyo, na ninyi mnamjua. Ni yule anayefunga mlango, akatembea hatua kumi, kisha akarudi kuusukuma ahakikishe kweli ameufunga.

Kwaya yake ilikuwa imealikwa kwenye jubilei ya usharika mmoja wa Rwanda. Mpakani wangefika kwa basi la abiria, lakini kutoka hapo, kwa siku nne za kuzunguka, wangehitaji magari ya kukodi ya hukohuko. Mtauliza, kwa nini wasiende na gari la nyumbani? Kwa sababu kule magari hupita upande wa kulia wa barabara, na gari letu mlango wake wa abiria uko kushoto. Ukisimama kando ya njia, watu wako wanashukia katikati ya barabara, mbele ya malori. Katika kwaya nzima hakuna aliyeliwaza hilo ila katibu. Mwenyekiti alipoelezwa alikuna kidevu akasema, "Kumbe kusoma kunasaidia."

Basi aliketi katika ofisi ndogo ya kwaya, simu mkononi, akingoja majibu. Akaketi, akasimama. Akafungua dirisha, akalifunga. Alikuwa na sababu ya kutotulia. Mwaka uliotangulia kwaya ilisafiri kwa magari mawili kwenda kuimba kwenye harusi, na gari moja likapasuka tairi njiani. Kwa bahati mbaya ndilo lililobeba sauti ya nne yote, kila besi waliyekuwa naye. Waliofika waliimba bila besi, wimbo ukaning'inia hewani kama nguo isiyo na kamba. Tangu siku hiyo kila mtu akimwona katibu alikuwa na neno. "Katibu, besi wamefika?" Walicheka. Naye alicheka nao, kisha usiku usingizi ukamkataa.

Safari hii hakutaka mchezo. Kila sauti aliigawa nusu kwa nusu. Gari la kwanza lingebeba watatu wa sauti ya kwanza, watatu wa pili, wawili wa tatu na watatu wa nne. Gari la pili vivyo hivyo. Kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule. Gari moja likikwama, lingine litafika na kuimba wimbo mzima. Majina aliyatoa kwenye daftari la mahudhurio, ambalo kurasa zake zimepangwa kwa sauti, akayahesabu mara tatu. Ishirini na mawili, pamoja na lake.

Niambieni, nani angemlaumu mtu aliyejipanga hivyo?

Mwenye magari wa kwanza hakujibu, na hajajibu hadi leo. Wa pili alijibu yote kumi na saba ndani ya dakika kumi na moja, na picha juu. Magari mawili meupe, viti kumi na kimoja vya abiria kila moja, mikanda yote ipo. Picha ya bima. Picha ya jeki. Hata matairi aliyapiga picha kwa karibu, zile namba ndogo za wiki na mwaka wa kutengenezwa zikasomeka. Katibu alizikuza kwa vidole viwili, akapumua.

Wa tatu alikuwa mzee mwenye basi moja. Naye alipiga simu badala ya kuandika.

"Dada, habari ya huko. Nimeona maswali yako. Ni mengi kama ya polisi."

"Samahani, mzee. Tunataka uhakika tu."

"Vizuri. Basi langu lina viti ishirini na tisa, bima ninayo, breki nimebadilisha mwezi jana. Na mimi nikuulize. Watu wako ni akina nani?"

"Ni ishirini na wawili."

"Hiyo ni hesabu. Nimekuuliza watu. Kuna mwenye mimba? Kuna anayetapika kwenye kona? Huku ni milima, dada, kona hazihesabiki. Kuna mwenye goti au mgongo? Ngazi ya mlango wangu iko chini, na ninacho kigoda cha kukanyagia. Kuna anayehitaji kula kwa saa maalumu? Ninataka kujua pa kusimama."

Katibu alitazama karatasi yake. Hakuna safu ya mambo hayo. "Mzee, matairi ni ya mwaka gani?"

"Ni mazuri."

"Mwaka, mzee."

"Dada, kutoka hapa sioni namba. Nitakushikilia basi hadi kesho saa mbili asubuhi, saa ya kwetu. Baada ya hapo kuna watu wengine wanalitaka."

Akakata simu. Katibu aliandika: saa mbili ya kwao, yaani saa tatu ya kwetu. Kisha akampa mzee alama sita kati ya kumi na saba, na pembeni akaandika, "Maswali mengi yasiyohusika." Zaidi ya hayo lilikuwa basi moja. Basi moja likikwama, wote wamekwama.

Mwenyekiti alipita, akachungulia mlangoni. "Katibu, hilo gari unalikodi au unaliposa?"

"Mwenyekiti, mwaka jana ulisahau?"

"Sijasahau. Ila kwa maswali haya ungekuwa umeshalipa mahari."

Katibu akarudi kwenye simu yake. Saa kumi na nusu alimwandikia mwenye magari meupe, "Tumekubali, andaa mkataba." Kwa mzee wa basi akatuma mstari mmoja: "Asante, hujakidhi vigezo." Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliweka simu mezani, kioo kikiangalia chini.

Saa kumi na moja hodi ikapigwa.

Aliyeingia alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkononi amebeba rundo la majoho yaliyokunjwa. Miaka mingi nyuma huyu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikaondoka, ikabaki ile ya kukwaruza kama mchanga kwenye bati. Hakuimba tena. Lakini kila zoezi alikuja, akakaa benchi la karibu na mlango, akashona vifungo, akanyoosha kola. Majoho ya kwaya yanalala kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea majoho. Nimeyapiga pasi yote. Hesabu, nakujua wewe."

Katibu akahesabu, kwa kuwa asingeweza kuacha. "Ishirini na mawili. Yametimia, mama."

"Na la ishirini na tatu liko kwenye mfuko wangu wa safari. Siimbi, lakini siwezi kukaa na kanga katikati ya watu wenye majoho, wageni watasema mmeniokota njiani." Akacheka kicheko chake cha mchanga, akakaa, akaunyoosha mguu wa kushoto mbele yake kwa mikono miwili. "Hati ya safari nimeshapata. Picha wamenipiga vibaya, lakini ni mimi. Haya, niambie, naketi gari lipi? Goti hili linataka kujua mapema."

Katibu aliitazama ile karatasi. Sauti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akaipitia tena kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina lingeweza kuwa limejificha nyuma ya jingine.

"Nimo sauti ya ngapi?" mama aliuliza, bado akitabasamu. "Au mmenifungulia sauti ya tano?"

Katibu aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

Mama alikuwa mtu mzima. Uso wa kijana aliusoma upesi kuliko karatasi. "Ah," alisema. "Basi. Basi, mwanangu. Magari yana viti vyake."

"Mama, ngoja, nita... nitaangalia."

Tunalijua neno hilo, au hatulijui? Nitaangalia. Ni neno la mtu ambaye ameshaangalia.

Mama aliinuka taratibu, akishika kona ya meza. Mlangoni akageuka. "Mkifika mkayatundike mara moja. Yakilala kwenye begi yanakunjika mabegani." Akaenda zake, na katibu alisikia mguu ule ukiburuzwa uani, hatua moja nzima, moja ya kuburuza, mpaka getini.

Wapendwa, sikilizeni. Binti huyu alijua wiki ambayo tairi la gari la watu asiowajua, katika nchi asiyowahi kufika, lilitoka kiwandani. Alijua mlango uko upande gani. Na mtu anayemwona kila Jumanne na kila Alhamisi, aliyenyoosha kola yake kwa mkono wake mwenyewe, hakujua kuwa yumo. Wala hakumchukia. Kama angemchukia angalau angemkumbuka! Daftari lilikuwa na kurasa nne, na mama hakuwa na ukurasa. Yule mzee wa ng'ambo, asiyemjua mtu hata mmoja, alimwuliza habari za mama huyu kwenye simu alasiri ileile: kuna mwenye goti? Naye katibu akaandika kwamba swali hilo halihusiki.

Sasa tumwache katibu, tujitazame sisi. Tunasugua tarumbeta la kanisa mpaka linang'aa, tunapanga viti, tunapima maturubai, tunagombana kwa kipaza sauti. Si vibaya. Kagueni matairi, jamani, mimi mwenyewe nisingepanda gari lisilokaguliwa! Lakini nauliza: katika orodha yako, nani hana ukurasa? Nani alikuwa na sauti zamani, na leo yuko benchi la karibu na mlango, na wewe unavaa joho alilokupigia pasi? Katika ndugu zako ni nani unayemwambia "nitaangalia"?

Na tuseme ukweli wote. Tunakagua sana kwa sababu tunaogopa. Tunaogopa kuchekwa. Tunaogopa kuulizwa, "Katibu, besi wamefika?" Hofu hiyo inatufanya tuwe waangalifu kwa kila kitu kinachoweza kutuaibisha, na yule asiyeweza kutuaibisha, yule atakayesema "basi, mwanangu" na kuondoka kimya, tunamwacha nyuma bila kelele yoyote. Siku ile tutakaposimama kujibu, sidhani kama tutaulizwa mwaka wa matairi. Naogopa tutaulizwa lile la yule mzee. Hatutaulizwa ni wangapi. Tutaulizwa ni akina nani.

Mtataka kujua binti alifanya nini. Jioni ile alianza kutafuta kiti cha kukunja, eti kiwekwe katikati ya vile vya gari jeupe. Akapima kwa rula kwenye picha. Akawaza kumpa mama kiti chake mwenyewe abaki nyumbani, akajiona mtakatifu kwa dakika tano; kisha akakumbuka ngazi ya gari lile ilivyo juu, na lile goti. Akaacha. Akarudia kusikiliza, kichwani mwake, maswali ya mzee, moja baada ya jingine, na kila moja safari hii lilikuwa na uso. Sauti ya tatu kuna kijana anayetapika hata kwenye lifti. Sauti ya pili kuna dada ana mimba ya miezi mitano. Yote hayo aliyajua. Hakuwahi kuyaandika popote.

Asubuhi yake, Jumatano, saa mbili kamili ya kwetu, saa moja ya kwao, alikuwa amesimama uani kwa mama wa majoho, bado hajabisha hodi. Alikuwa ameshamwandikia mwenye magari meupe kwamba hawatayachukua, na mkataba hakuusaini. Akapiga simu. Iliita mara sita. Alizihesabu.

"Dada wa vigezo!" mzee alisema. "Haya, umebakiza swali gani?"

"Basi lako bado lipo?"

"Lipo. Lakini ni moja tu, nilikwambia. Likikwama mmekwama wote."

"Najua, mzee. Tukikwama, tukwame wote." Akautazama mlango wa mama. "Sina swali leo. Nimekuja kujibu ya kwako. Tuko ishirini na watatu. Anza kuandika. Wa kwanza ni mama, goti lake la kushoto halikunjiki, anahitaji kile kigoda, na joho lake liko tayari kwenye mfuko."

Kisha, simu ikiwa bado sikioni, akabisha hodi.