Tangi la Subilaga

Mama mmoja alikuwa na tangi la maziwa, na hakumwamini mtu. Jina lake Subilaga. Tangi lilikaa mlimani kando ya barabara, na kila asubuhi wanawake wa mabonde yote walipandisha madumu yao, mwenye ng'ombe mmoja na mwenye wawili, wakayamimina humo. Humo ndani hamkuwa tena na maziwa ya fulani. Lori la kiwanda lilikuja kuyachukua, na kwa lori hilo watoto wa mabonde yale walivaa, walisoma na walitibiwa.

Subilaga alijua kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo akaweka kanuni. Dumu lolote lisimiminwe kabla halijanuswa, kila siku, hata likiwa la mzee wa kanisa, hata likiwa la mama yake mzazi. Jana ulileta maziwa mazuri? Vema, hiyo ilikuwa jana. Fungua dumu. Akamweka mpwa wake Ambwene mlangoni, awe pua ya tangi. Watu waliponung'unika, akawajibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na msimcheke, ndugu zangu, maana katika hilo alikuwa na haki. Mali ya wengi hailindwi kwa kujuana sura.

Kwa miaka mingi pua ilitosha. Kisha kikaja kiangazi kibaya. Vijito vikakauka, watu wakaanza kunywesha mifugo kwenye madimbwi. Kutoka bonde la chini zikapanda habari kwamba ng'ombe wanavimba viwele, na kwamba maziwa yao hayana harufu yoyote mpaka yapate joto, ndipo yanapokatika. Subilaga alizisikia habari hizo sokoni, akazisikia tena kanisani. Ambwene naye akamweleza, akiomba achemshe kijiko kimoja cha kila dumu linalotoka bonde la chini, mpaka mvua inyeshe. Akakatazwa. Kanuni iliyolilinda tangi miaka yote ingelilinda na mwaka huu. Subilaga aliona fahari kwamba kanuni yake haibadiliki. Fahari ya nini? Hata jiwe halibadiliki, na hakuna aliyewahi kuliweka jiwe liwe mlinzi.

Basi siku moja maziwa ya tangi zima yakakatika kiwandani. Yakamwagwa yote, na dereva akarudi na neno moja: yakiharibika tena, lori halitapanda mlima huu.

Hasira ikampanda Subilaga. Alitaka mwizi. Alitaka mtu aliyetia maji, mtu mwenye hila, mtu wa kumnyooshea kidole. Wakazunguka kukagua ng'ombe, wakamkuta ng'ombe wa Tumpe, mjane wa bonde la chini, kiwele kimevimba. Tumpe hakuwa ametia maji wala hila. Mnyama wake alikuwa ameanza kuumwa naye hajui, na dumu lake lilinuswa kama siku zote, likapita kama siku zote. Subilaga akamsimamisha mbele ya wanawake wenzake, akamwita adui wa tangi, akalitupa dumu lake mtaroni.

Tumpe hakulia. Aliliokota dumu, akalifuta tope kwa ncha ya khanga, akasema, "Mama, mimi ulinipima kila siku. Jua hukulipima hata mara moja."

Subilaga alisikia ufedhuli tu, akamfukuza.

Kisha akafanya kile ambacho watu hufanya wakiwa na hofu na kiburi kwa pamoja. Akaitupa kanuni ya zamani akaweka nyingine, ngumu kuliko ile na kiziwi vilevile. Sasa kila dumu lichemshwe, la bonde la chini na la bonde la juu, kiangazi na masika, bila kikomo. Kiangazi kikaisha salama, naye akajipongeza. Mvua zikaja. Vijito vikajaa, nyasi zikaota, ng'ombe wakapona. Hatari ikaenda zake, lakini moto ukabaki palepale mlangoni, na kuni zimelowa. Foleni ikafika barabarani, wanawake wakasimama kwenye matope na watoto mgongoni, lori likipiga honi. Ambwene akaomba kanuni ilegezwe, wapimwe kwa pua kama zamani, na moto ubaki kwa wale wenye dalili mbaya. Akaambiwa anataka kuwarudishia maafa.

Mtu anayetazama kila kitu kwa macho makali siku nzima, mwisho hatazami chochote. Ambwene, macho yamejaa moshi, akawa anachovya kijiko, anakipitisha juu ya moto na kusema pita, pita, pita. Katika madumu hayo likapita moja lenye maziwa yaliyolala. Yalikuwa yameanza kuchacha. Hata pua ya zamani ingeyakamata, lakini siku hizo hakuna aliyekuwa akinusa.

Lori likashuka nayo. Halikupanda tena.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuja kwa mazoea, wakasubiri, wakajitwika madumu yao wakarudi. Subilaga alisimama mlangoni akitafuta wa kumtukana. Ambwene alikuwa ameketi, macho mekundu kwa moshi. Tumpe hakuwepo, Subilaga alikwisha kumfukuza mwenyewe. Akalitazama tangi tupu, na lile neno la jua, alilodhani amelitupa mtaroni pamoja na dumu, likamrudia. Tangu kiangazi hasira yake ilikuwa ikizunguka mabonde kumtafuta mkosaji. Siku ile ilimkuta.

Nanyi mnaolinda mitandao ya watu, mnaosimamisha kila simu na kila kompyuta inayobisha hodi, mkijisifu kwamba hamumwamini hata mama yenu: kila anayekuja mlangoni mnamwambia jana si leo, basi ni nani aliyewaambia ninyi muiamini kanuni ya jana?