Siku Bi Kanga Alipokaa Chini

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Na masikio je?

Yamesimama!

Hapo zamani za kale, fisi waliamua kwamba wenye madoa ni wabaya. Wakawala kanga wa bonde zima, kutwa moja. Akabaki mmoja tu, Bi Kanga, aliyelala kimya chini ya manyoya ya dada zake.

Majirani walikuwepo. Walisema, "Sisi hatuna madoa," wakaendelea kutafuna majani.

Basi Bi Kanga akawa anazunguka kijiji hadi kijiji, akisimulia. Akafika Vumilindi, kijiji chenye adabu kuliko vyote. Huko mgeni akisimama kusema, wote hukaa. Hakuna ruhusa ya kuinuka, hata ukikalia siafu, mpaka mgeni akae. Mgeni akikaa, wote husimama kumshukuru. Ndiyo mila yao.

Bi Kanga akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Wote wakakaa.

"Ndugu zangu, walituchukua mchana kweupe, na majirani wakatazama."

Wakalia. Punda, mwenyekiti wa kijiji, alilia mpaka masikio yakalowa.

Mara fisi wawili wakaingia kwa nyuma, wamevaa kofia. Siku hiyo walikuwa wameamua kwamba wenye pembe ni wabaya. Wakamkamata Mbuzi mguu.

"Jamani, nakufa!" akalia Mbuzi.

"Shh!" akasema Sungura. "Huyu naye! Hapa ndipo patamu."

"Samahani, tunapita," wakasema fisi.

"Piteni, lakini msitutimulie vumbi," akasema Punda, akakunja miguu ili Mbuzi aburutwe bila kukwama.

Bi Kanga akaona. Akapaza sauti, "Inukeni!"

Wakapiga makofi.

"Mwenzenu anachukuliwa!"

Wakapiga makofi zaidi. "Sema, mama, sema!"

"Mbuzi! Huyo hapo! Yuko langoni!"

Makofi, na vigelegele juu. Kondoo akazimia kwa uchungu. Alipozinduka akasema, "Lo, mama huyu anajua kusimulia!"

Bi Kanga akawatazama. Akaelewa. Maadamu yeye amesimama, wao watakaa. Akanyamaza katikati ya neno. Akakaa chini, pu!

Kijiji kizima kikasimama.

Fisi wakageuka. Kijiji kinacholia walishakiona. Kijiji kinachopiga makofi walishakiona. Kijiji kilichosimama? Hicho hawajawahi.

"Kaka, wamesimama!"

"Wote?"

"Hata kobe!"

Wakamwacha Mbuzi, wakatoka mbio, kofia zikabaki chini.

Punda akakohoa. "Kwa niaba ya kijiji, tunashukuru kwa hotuba nzuri, ingawa imekatika."

Mbuzi akachechemea hadi mbele yake. "Mwenyekiti, ulikunja miguu nipite."

"Nilikuwa nasikiliza, dada."

"Na mimi nilikuwa nasema."

Tangu siku hiyo, Vumilindi humsikiliza mgeni wakiwa wamesimama, jicho moja kwake, jicho moja langoni.

Basi ndugu, funzo ni hili: anayekusimulia maafa yake hakuombi machozi, wala makofi. Anakuomba umwone anayeburutwa leo, mwenye madoa au mwenye pembe, kisha uinuke.

Hadithi yangu imekaa chini. Nanyi je?

Tumesimama!