Kiti cha Enzi Kilichomuuliza Sultani

Alikuwako, na mwenye kubisha abishe, Sultani Nasibu bin Jabali wa mji wa Zimbari, mwenye majumba na majeshi na tumbo lililoyashinda yote; na mjini humo alikuwako Mwalimu Badawi, aliyefundisha kuwa kila kitu kina nafsi ndani yake, jiwe na kinu na hata ufagio. Sultani akaghadhibika.

"Yaani mimi nakalia mtu? Thibitisha kesho barazani, ama kichwa chako na kiwiliwili vitengane, tuone nafsi imebaki wapi!"

Badawi, masikini, akatupwa gerezani, akalia kwa kwikwi, maana elimu alikuwa nayo ila ushahidi hakuwa nao hata chembe. Akataka kuegemea ukuta, na kwa kuwa Mzimbari hagusi pa mtu bila kupiga hodi, na kwake yeye ukuta ni mtu, akasema, "Hodi!"

"Karibu!"

Lahaula! Ukuta ukapasuka, na jini Dahmani akatoka akitokwa na machozi. "Tangu nifungwe humu, wafungwa wananiegemea na kunipangusia kamasi, na wewe ndiwe wa kwanza kupiga hodi. Omba utakalo!"

"Vitu viseme, bwana wangu. Shingo yangu i hatarini."

Asubuhi, Sultani akashusha makalio mbele ya baraza zima.

"Hodi hupigi?" kiti cha enzi kikang'aka.

Mawaziri wakaruka, na mazulia yakapiga mayowe, "Polepole, jamani!" na kilemba cha Waziri Mkuu kikalalamika kuwa kimechoshwa na upara usiooshwa. Badawi, aliyekwisha kuletwa kutoka gerezani, akacheka, kisha akaikumbuka shingo yake, akaziba mdomo kwa kiganja.

Sultani akauliza, "Ewe kiti, ndani yako kukoje?"

"Na ndani yako wewe kukoje, Maulana? Nimekubeba tangu ujana wako na ninachokijua ni uzito wako tu, nawe wajua ugumu wangu tu."

Sultani akainama. "Kuna upweke," akasema, na machozi yakamdondoka. "Hajapata mtu kuniuliza."

Badawi akamsogelea, hofu imemtoka, akamshika mkono. Sultani akamsamehe, akamwoza binti yake Siti Nurulaini, aliyeridhia kwa furaha, na mali isiyo kifani juu yake. Ila vitanda vya Zimbari vilipoanza kutoa ushahidi, watu wazima walimwendea Badawi mbio, wakamsihi amwombe jini wake avinyamazishe, na jini akavinyamazisha.

Hapo ndipo nilipofika. Mtu humjui kwa kumkalia karibu, humjui mpaka umuulize. Aliyenielewa na amuulize mwenziwe hali, na asiyenielewa na aanze na mkeka wake.